Je, wajua kwa nini rubani wa manowari huongeza moto wa injini ndege inapotua?

Aliyewahi kupanda ndege ya abiria anajua mambo yanavyokwenda: magurudumu yakishagusa lami, breki zinashika, mwendo unapungua, na watu wanaanza kufungua mikanda kabla hawajaruhusiwa. Rubani wa jeti ya kivita anayetua kwenye manowari ya kubebea ndege hufanya kinyume. Magurudumu yakigusa sitaha, mkono wake wa kushoto unasukuma moto wote mbele, kana kwamba anataka kuruka tena. Ndoana iliyo mkiani ikinasa mojawapo ya kamba za chuma zilizotandazwa sitahani, kamba inaishinda injini na ndege inasimama. Ndoana ikikosa, ndege inapitiliza, inatoka ukingoni na kupaa tena, kisha inazunguka kuja kujaribu upya.

Hilo linawezekana kwa sababu njia ya kutua imekaa mshazari. Haifuati urefu wa meli kutoka tezi hadi omo. Imepindishwa kushoto, na mwisho wake kuna bahari tupu. Zamani haikuwa hivyo, na marubani wa jeti za mwanzo walilipa gharama yake.

Chukua mfano wa Grumman Panther, jeti ya jeshi la maji la Marekani iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1947. Mabawa yake yalikuwa yamenyooka, puani ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20, na kila ncha ya bawa ilibeba tangi la mafuta. Injini yake ilitokana na Nene ya Rolls-Royce, kampuni ya Uingereza, iliyotengenezwa Marekani kwa leseni. Waingereza hao hao walikuwa wamewauzia Wasovieti injini ya Nene, nao wakainakili na kuitia kwenye jeti yao ya MiG-15. Kwa hiyo vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, jeti mbili zilizowindana angani zilikuwa na mioyo ya ukoo mmoja.

Turudi sitahani. Wakati huo njia ya kutua ilinyooka moja kwa moja hadi mbele, na huko mbele ndiko ndege zilizokwisha kutua zilikoegeshwa, baadhi zikiwa na mafuta na watu pembeni yake. Rubani alikuja kwa nyuma akimtazama ofisa aliyesimama ukingoni mwa sitaha, ameshika makafi mawili ya rangi kali mikononi. Makafi juu, umepanda mno. Makafi chini, umeshuka mno. Ofisa akipitisha kafi kooni kama anayejichinja, rubani alitakiwa kufunga moto papo hapo na kuiacha ndege iangukie kwenye kamba. Akizikosa, kilichobaki ni vizuizi vilivyotegwa mbele ya ndege zilizoegeshwa. Nafasi ya pili haikuwapo.

Kwa ndege za pangaboi utaratibu huu ulivumilika. Rubani akifunga moto, panga lenyewe linageuka breki, ndege inadondoka pale pale. Akiambiwa asitue, anafungua moto na injini inaitika mara moja, panga likisukuma upepo juu ya mabawa. Jeti haina neema hizo. Ukifunga moto, inaendelea kuelea mbele kwa sababu hakuna kinachoikinza. Ukiufungua tena, injini za enzi zile zilihitaji sekunde kadhaa kuamka usingizini, na kwa ndege iliyo mita chache juu ya maji, ikienda kasi kuliko zile za pangaboi, sekunde hizo hazipo. Hata vizuizi vilikuwa tatizo. Kamba za chuma zilizozoea kujisokota kwenye panga sasa ziliweza kuteleza juu ya pua laini ya jeti na kumfikia rubani kitini. Ikabidi vibuniwe vizuizi vipya, na nyuma yake wavu mrefu wa nailoni.

Na bado havikutosha. Tarehe 16 Septemba 1951, jeti aina ya Banshee iliyokuwa imeharibika ilirudi kwenye manowari ya USS Essex, karibu na Korea. Iliruka vizuizi na kuangukia ndege zilizoegeshwa mbele. Mlipuko na moto viliua watu saba.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwa imeshatajwa wiki chache tu kabla. Mwezi Agosti mwaka huo huo, huko Uingereza, Kapteni Dennis Cambell wa jeshi la maji na mhandisi Lewis Boddington walikuwa kwenye kikao kuhusu namna ya kutua kwa jeti, ndipo likaja wazo la kupindisha njia nyuzi chache kushoto. Mwanzoni walipaka rangi tu: mwaka 1952 mistari ya mshazari ilichorwa kwenye sitaha ya HMS Triumph, na marubani wakaipitia bila kunasa kamba. Wamarekani walilidaka haraka. USS Antietam ikaongezewa sitaha ubavuni, na Januari 1953 ndege zikaanza kutua mshazari kwa kweli.

Mwingereza mwingine, Nicholas Goodhart, alimaliza kazi ya makafi. Aliazima kioo cha mkononi na rangi ya mdomo ya karani wake, akachora mstari kwenye kioo, akakiweka mezani na kuweka tochi mbele yake. Kisha akamwambia karani atembee kuelekea mezani huku akiuweka mwanga wa tochi sawa na mstari. Kila alivyosogea ndivyo alivyoinama, mpaka kidevu kikagusa meza. Kioo kikubwa cha namna hiyo, chenye taa, ndicho kilichokuja kuwaongoza marubani hadi sitahani.

Marubani wa Panther waliopigana Korea kutoka melini hawakuzifaidi faraja hizi wakiwa vitani. (John Glenn, mwanaanga wa baadaye, naye alirusha Panther huko, ila yeye alikuwa wa kikosi cha Marine na alitua nchi kavu.) Neil Armstrong, aliyekuja kutembea mwezini, alikuwa na miaka 21 tarehe 3 Septemba 1951 aliporuka kutoka Essex hiyo hiyo. Akiwa chini chini kwenye shambulio, aligonga waya na kukatika kipande cha bawa la kulia. Panther yake iliendelea kuruka, lakini kutua kunadai upunguze mwendo, na kwa bawa lile kupunguza mwendo kungeipindua. Akaipeleka hadi Korea Kusini, akajirusha kwa kiti na kushuka kwa mwavuli.

Royce Williams, rubani mwingine wa Panther, hakuweza hata kufanya hivyo. Tarehe 18 Novemba 1952 alijikuta peke yake akipambana na MiG-15 za Wasovieti, akaangusha nne. Panther yake ilirudi kwenye USS Oriskany ikiwa na matundu 263. Chini yake bahari ilikuwa ya baridi kali ambayo mtu asingedumu nayo, kwa hiyo kujirusha kulikuwa kama kufa. Ndege haikukubali kwenda polepole. Chini ya kilomita 315 kwa saa iligoma kutii. Kugeuka nako ilikuwa shida. Basi nahodha akafanya jambo ambalo kwa kawaida ni kazi ya rubani: akaigeuza meli nzima mpaka sitaha ikalingana na ndege inayokuja. Williams akanasa kamba.

Aliamriwa anyamaze, maana Wasovieti hawakuwa vitani rasmi, na alinyamaza kwa miongo kadhaa. Nishani ya Navy Cross aliivishwa Januari 2023. Oriskany yenyewe ilirudi kazini mwaka 1959 ikiwa na sitaha ya mshazari.