Je, wajua kwa nini Spider-Man wa kwenye gemu alikuwa na kikomo cha mwendo?

Chukua Marvel's Spider-Man, gemu iliyotoka mwaka 2018 kwa ajili ya PlayStation 4 (PS4), mashine ya gemu ya kampuni ya Sony. Fungua kila ujuzi, mvalishe Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, suti zote, jifunze kubembea kwa uzi mpaka vidole vizoee pedi vyenyewe. Bado kuna mwendo ambao hataupita. Anajirusha kutoka ghorofani, anashika kasi, kisha kasi inagota. Ukikaa kwenye kibanda cha gemu utasikia mtu akisema waliotengeneza waliamua hivyo makusudi, ili mchezaji asishindwe kumwongoza. Maelezo hayo yanaingia akilini, lakini kizuizi chenyewe kilikuwa diski iliyo ndani ya mashine, ile inayohifadhi gemu.

PlayStation 4 ina memori, yaani mahali pa kuweka data zinazotumika muda huohuo, ya GB 8, na sehemu yake huliwa na mfumo wa mashine yenyewe. Manhattan nzima, sehemu ya jiji la New York ambamo gemu inachezwa, pamoja na madirisha, teksi, wapita njia na vibao vya maduka, haitoshei humo hata ukiibana vipi. Kwa hiyo gemu hubeba ule upande wa jiji ulio karibu na mchezaji tu. Akisogea, vipande vya mbele vinasomwa kutoka kwenye diski na vya nyuma vinatupwa. Umewahi kuona bibi harusi akitandikiwa kanga apite juu yake? Kanga ni chache, basi akina mama wanaokota zilizokwisha kukanyagwa na kukimbia kuzitandika mbele. Bibi harusi akiamua kutimua mbio, atakanyaga mchanga.

Kwenye gemu, kukanyaga mchanga ni kufika kwenye mtaa ambao haujawa tayari: majengo laini kama sabuni, barabara isiyo na alama, au picha inayosimama kabisa ikisubiri. Hakuna mtengenezaji anayetaka hilo lionekane, kwa hiyo mbio za shujaa zinapimwa kwa mbio za wale watandikaji kanga.

Nao walikuwa wazito. Diski ya PS4 ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono wenye kichwa cha kusomea. Gemu ikitaka kitu, mkono lazima usogee hadi kilipo, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kifike chini yake. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4 na ya PS5 iliyoifuata, alieleza Machi 2020 kwamba safari hiyo peke yake huchukua kati ya milisekunde 2 na 50. Sasa linganisha: gemu ile kwenye PS4 huchora picha 30 kila sekunde, yaani milisekunde 33 hivi kwa picha moja. Mkono unaweza kutumia muda mrefu kuliko picha nzima kabla haujasoma chochote! Ukishafika, unaleta MB 50 hadi 100 kwa sekunde, kasi ambayo leo hata simu ya kawaida inaipita.

Hapo wahandisi wa Insomniac Games, kampuni ya California iliyotengeneza gemu hiyo, wakafanya jambo linaloonekana la kijinga mpaka ulielewe. Sanduku la barua la mtaani lipo kila kona ya New York. Kwa akili ya kawaida ungelihifadhi mara moja tu kwenye diski na kulichora popote linapohitajika. Lakini kila mtaa ukilihitaji, mkono ungelazimika kuruka kwenda kulichukua na kurudi. Dawa ni kuweka nakala yake ndani ya kila kipande cha jiji, ili kipande chote kisomwe kwa mkupuo mmoja bila mkono kuhangaika. Cerny alisema kwenye gemu hiyo kuna data zilizorudiwa mara 400. Nafasi ya diski ilitolewa sadaka ili muda upatikane.

Tufanye hesabu ya mfano, namba zangu za kubuni. Tuseme kipande cha jiji chenye urefu wa mita 100 kina uzito wa MB 100, na diski inatoa MB 50 kwa sekunde. Kipande kinahitaji sekunde 2, kwa hiyo shujaa hawezi kupita mita 50 kwa sekunde. Apewe nguvu za miungu yote ya Asgard, hataongeza hata mita moja.

Mbinu za kuficha udhaifu wa mashine zina historia ndefu, na nyingine zinachekesha. Mwaka 1999 ilitoka gemu ya Superman kwenye Nintendo 64, ambayo hadi leo hutajwa kila watu wanapobishana kuhusu gemu mbovu kuliko zote. Mashine ile haikuweza kuchora jiji la mbali, basi jiji zima likajazwa ukungu wa kijani. Hadithi ikapewa kazi ya kuutetea: eti ni ukungu wa kryptonite, kitu kinachomdhoofisha Superman, uliowekwa na adui yake Lex Luthor. Mtu anayeona kupitia kuta, haoni ng'ambo ya barabara. Insomniac walikuwa na ustadi zaidi. Ukitaka kuruka kutoka pembe moja ya Manhattan hadi nyingine, unaonyeshwa Spider-Man amepanda treni ya chini ya ardhi na suti yake, amebanana na abiria kama mtu anayetoka kazini. Watu waliipenda sana ile mandhari. Nami naipenda, ingawa ni skrini ya kusubiri tu, diski ikihema nyuma ya pazia.

Filamu haina shida hii, na naona ndiyo sababu mojawapo ya filamu za mashujaa kuanza kutuchosha. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, na kila moja yenye michoro ya kompyuta inaweza kupikwa kwa masaa mengi kwenye kompyuta nyingi; mtazamaji hajui wala hajali. Mwongozaji akitaka shujaa azunguke dunia, anakata picha na shujaa kafika. Kila kitu kinawezekana, basi hakuna kinachoshtua. Gemu haina pa kukimbilia. Kamera iko mikononi mwako, unaigeuza utakavyo, na jiji lazima liwepo kila unapotazama. Shujaa wa gemu akienda kasi kuliko jana, ujue kuna mhandisi kaumia mahali. Wapo watakaobisha kwamba filamu ni hadithi wala si mbio, na hoja yao ina uzito, ila nusu saa za mwisho za filamu nyingi za aina hii ni mbio tupu.

Mabadiliko yalionekana mwaka 2019, pale Cerny alipowaonyesha waandishi wa jarida la Wired mashine ya majaribio ya kizazi kipya. Alitumia gemu ileile ya Spider-Man. Kusafiri kwenye ramani kulikochukua sekunde 15 kwenye PS4 Pro, toleo lenye nguvu zaidi la PS4, kulichukua sekunde 0.8. Kisha akaipeleka kamera jijini kwa kasi ya ndege ya kivita, na ilipokuwa ikisimama, kila kitu kilikuwa mahali pake. Siri yake ni SSD, hifadhi isiyo na sahani wala mkono. PS5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa na SSD inayosoma GB 5.5 kwa sekunde.

Turudi kwenye hesabu yangu. Kwa kasi hiyo, kipande cha MB 100 kinafika kabla milisekunde 20 hazijaisha, na shujaa angeweza, kwa upande wa hifadhi tu, kupita zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde. Bila shaka hakuna anayemruhusu. Kuta zinahitaji kuchorwa, magari yanahitaji kuendeshwa, na jicho la binadamu lina mipaka. Ila kizuizi kimehama, na Marvel's Spider-Man 2 ya Oktoba 2023 iliandikwa kwa PS5 bila kujali diski za zamani. Queens na Brooklyn, sehemu nyingine za New York, ziliongezwa, shujaa akapewa mabawa ya utando ya kuvukia mto, na unaweza kubadili kutoka kwa Peter kwenda kwa Miles Morales, Spider-Man wa pili, aliye upande mwingine wa jiji karibu papo hapo. Safari ya treni haikuhitajika tena. Nilisikitika kidogo.

Kwetu tunaohesabu bando, faida kubwa pengine iko kwenye ukubwa wa faili. Zile nakala mia nne hazina maana kwenye SSD, kwa kuwa hakuna mkono wa kuokoa. Mfano mzuri si wa shujaa wa katuni: gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta ilikuwa imevimba hadi GB 154 hivi kwa sababu ya data zilizorudiwa kwa ajili ya wenye diski za kuzunguka. Mwishoni mwa 2025 watengenezaji wakatoa toleo lisilo na nakala hizo, nayo ikashuka hadi GB 23 hivi. Hata wenye diski za zamani waliambiwa watasubiri sekunde chache tu zaidi, kwani kilichokuwa kinachelewesha kilikuwa kitu kingine.

Kwa hiyo kama una kompyuta ya mtumba na hela ya kubadilisha kifaa kimoja tu, usikimbilie kadi ya michoro kabla hujaangalia ndani kuna hifadhi ya aina gani. Toleo la kompyuta la Marvel's Spider-Man 2 linataka SSD hata kwenye orodha ya mahitaji ya chini kabisa.