Kumwacha mgonjwa aseme hakuli muda wa daktari

Madaktari wengi wa familia huamini kwamba mgonjwa asipokatizwa hatanyamaza, na foleni haitaisha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta mgonjwa akikatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani, malalamiko yake mengine yakiwa bado moyoni.

Hofu hiyo haina msingi. Nchini Uswisi, katika utafiti wa mwaka 2002, madaktari walisikiliza tu mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Tena hiyo ilikuwa kliniki ya rufaa, wanakopelekwa wenye matatizo magumu!

Kinachokula muda hasa ni jambo linaloibuka mkono ukiwa tayari kwenye kitasa: "Halafu daktari, kifua nacho kinanibana." Hapo kazi inaanza upya. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba lalamiko la kwanza, uliza: "Kuna jingine ungependa tuliangalie leo?" Kisha mkubaliane lipi litangulie na lipi lisubiri. Maswali ya daktari, vipimo na dawa vifuate baadaye.

Mwisho wa mazungumzo nao hupuuzwa. "Ukizidiwa urudi" haitoshi, kwa maana kuzidiwa ni kupi? Afadhali useme: "Homa isiposhuka kwa siku mbili, rudi. Ukianza kupumua kwa shida, usingoje hata saa moja."