Kasa Anapopanda Kutaga, Zima Taa

Usiku wa masika, maji yakiwa yamejaa, kasa jike hupanda ufukweni katika kisiwa cha Juani, Mafia. Baharini ni mwepesi. Mchangani anaburuza mwili unaoweza kuzidi kilo 100, na kila baada ya hatua chache husimama kupumua. Hapo ndipo watu wengi humharibia bila kukusudia. Akiona tochi au watu wakipitapita, hugeuka akarudi baharini bila kutaga. Ukimkuta, zima taa, kaa mbali nyuma yake, nyamaza. Mwanga wa simu una madhara yale yale, kwa hiyo picha tafadhali tuziache.

Asiposumbuliwa hutaga mayai mia na zaidi, akayafukia, akaondoka. Joto la mchanga ndilo linaloyaatamia kwa takriban siku 50 hadi 60, na ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, uliopoa hutoa madume. Anayefyeka miti ya ufukweni ili aione bahari vizuri anakiondolea kiota kivuli chake.

Wengi hutaka kuyahamisha mayai ili kuyaokoa. Nia ni njema, lakini saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ganda. Yai likigeuzwa, hufa. Usichimbue. Weka alama pembeni, kisha mwite mlinzi wa viota wa kijijini au afisa uvuvi.

Watoto hutoka usiku, mchanga ukipoa, na hukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Tangu zamani upande huo ni bahari. Siku hizi ni taa ya hoteli au ya nyumba, nao hupotelea vichakani hadi jua linawachoma na kunguru wanawakuta. Wenye majengo, zimeni taa zinazotazama bahari, na fukieni mashimo yaliyochimbwa mchangani. Wala msiwabebe kwenye ndoo. Waacheni watembee wenyewe.

Kwa wavuvi nina ombi moja zito. Jike hutaga mara kadhaa kwa msimu, kila baada ya wiki mbili hivi, na katikati hukaa karibu na pwani. Ana mapafu kama sisi: akinaswa kwenye jarife (wavu mkubwa wa kutega) asiweze kuibuka, hufa maji. Msilitege mbele ya fukwe za viota.

Nyama yake nayo, mbali na kwamba kumuua kasa ni kosa kisheria, inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto kwenye maziwa. Kama mtu ameila kisha mdomo ukamwaka, akatapika au akalemewa na usingizi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na wote waliokula chungu kimoja naye, hata wanaojiona wazima.