Jesse Treviño: mchoraji aliyeanza upya kwa mkono wa kushoto

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini San Antonio katika jimbo la Texas, kijana mmoja aliupaka ukuta wa chumba chake cha kulala rangi nyeusi tititi. Juu ya weusi huo akachora vitu vilivyomzunguka kila siku: kikombe cha kahawa, kidonge cha hospitali, mkate mtamu wa Kimeksiko, gari aina ya Mustang. Akachora pia mkono wa bandia uliotundikwa nishani ya Purple Heart, ile wanayopewa wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa vitani. Mkono ulikuwa wake, na nishani pia. Mchoro wenyewe aliuita "Mi Vida", yaani "Maisha Yangu".

Jesse Treviño alizaliwa Monterrey, Meksiko, mwaka 1946, katika familia ya watoto 12, akahamia San Antonio na wazazi wake akiwa bado mdogo. Kipaji chake kilionekana mapema. Alipata ufadhili wa kwenda kusoma uchoraji New York, na huko akajifunza kuchora sura za watu. Kisha ikaja barua ya kumwita jeshini, akapelekwa Vietnam. Mwaka 1967 alijeruhiwa vibaya, na mkono wa kulia, ule wa kuchorea, ukaharibika. Madaktari walihangaika nao kwa miaka mitatu, na mwaka 1970 wakaukata chini ya kiwiko.

Treviño alisimulia mara nyingi kwamba, akiwa amelala kwenye matope akivuja damu, lilimjia wazo moja: New York alikuwa amechora sura za watu chungu nzima, lakini hajawahi kumchora mama yake, wala ndugu zake, wala mtaa aliokulia. Kwangu mimi, kazi zake zote za baadaye ni jibu la wazo hilo.

Aliporudi ilimbidi ajifunze kushika brashi kwa mkono wa kushoto, darasani pamoja na wanafunzi wengine, hatua kwa hatua. Huo ulikuwa pia wakati wa vuguvugu la Wachicano, la kudai haki na heshima. Neno hilo, Chicano, liliwahi kutumiwa kuwadharau Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Vijana wa miaka ya 1960 wakalichukua na kujiita hivyo kwa fahari. Wachoraji wengi wa vuguvugu walipaka ukutani mashujaa wa mapinduzi na miungu ya Waazteki, watu wa kale wa Meksiko. Treviño alichora duka la mikate. Alichora duka la dawa la mtaani, na muuza barafu ya kukwangua yenye sharubati. Mwaka 1982 alimchora mama yake, Dolores, akianika nguo uani.

Mtindo wake unaitwa uhalisia wa kifoto. Mchoraji hufuata picha iliyopigwa kwa kamera kwa uaminifu mkubwa, hadi mtazamaji anashindwa kujua kama anaona foto au rangi. Wapo wanaoudharau mtindo huu wakisema ni kunakili tu. Mimi naona hawajaangalia vizuri. Mwanga wa Texas unavyopiga kwenye ukuta uliochakaa, maandishi ya duka yanavyopauka, vyote hivyo mtu amekaa navyo siku nyingi akiwa na brashi mkononi. Katika "Mis Hermanos" ya mwaka 1976, yeye na ndugu zake wa kiume wamejipanga nje kama kwenye albamu ya familia. Leo picha hiyo imo katika Jumba la Sanaa ya Marekani la Smithsonian, Washington.

Kazi yake kubwa kuliko zote iko kwenye ukuta wa hospitali ya watoto, katikati ya San Antonio. Ilikamilika mwaka 1997 na inaitwa "Spirit of Healing", Roho ya Uponyaji. Ni malaika mlinzi amesimama nyuma ya mtoto mwenye njiwa mikononi, na aliyemtumia kama kielelezo cha mtoto huyo ni mwanawe mwenyewe. Mchoro una urefu wa ghorofa 9, kama mita 28, na haukupakwa rangi: ni vipande vipatavyo 150,000 vya vigae, vilivyokatwa kwa mkono. Ukisogea karibu unaona vipande tu, bluu kando ya kijivu kando ya nyeupe. Vuka barabara uingie bustani ya Milam, geuka, na uso wa mtoto unajikusanya mbele yako.

Treviño alifariki Februari 2023, akiwa na miaka 76. Na ule ukuta mweusi? Ulikuwa wa bodi ya jipsamu, kwa hiyo uliweza kutolewa nyumbani na kubandikwa kwenye alumini. Mwaka 2019 ulisafiri hadi Washington, kwenye maonyesho ya Smithsonian kuhusu wasanii na vita vya Vietnam, mkono wa bandia na kikombe cha kahawa vikiwa palepale alipovichora.