Nusukaputi ya farasi: watu huogopa sindano, wakaamini gesi

Mazizini Karen na kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi, mwenye farasi akiambiwa mnyama wake atapasuliwa, huwa na swali moja: "Daktari, kwani gesi haitoshi? Sindano zote hizi za nini?" Gesi ina mashine, ina oksijeni, na daktari anaweza kuifunga. Sindano ikishaingia, imeingia. Hofu hiyo naielewa, ila imeelekezwa pasipo.

"Gesi peke yake ndiyo salama." Hebu mvishe barakoa ya gesi farasi wa kilo 450 aliyesimama, uone kama hatakurusha ukutani. Kwa farasi mkubwa, dawa ya kutuliza hutangulia mshipani: zailazini, detomidini au romifidini. Kichwa kikishashuka na mdomo wa chini kulegea, ndipo hupigwa ketamini, dawa ya usingizi, pamoja na dawa ya kulegeza misuli, akalala. Mpira hupitishwa kooni, na hapo ndipo gesi yenyewe, aisoflureni au sevoflureni, huanza kazi.

Na gesi yenyewe si mpole. Hulegeza mishipa ya damu, ikazidi hudhoofisha na moyo. Kadiri unavyoiongeza ndivyo shinikizo la damu linavyoshuka. Farasi analalia misuli yake mwenyewe kwa uzito wote ule. Wastani wa shinikizo ukikaa chini ya 70 mmHg kwa muda, misuli ya upande wa chini hukosa damu na kuharibika, na akizinduka miguu haimbebi. Aisoflureni ikitumika peke yake, kiasi cha asilimia 1.3 hutosha kuwazuia nusu tu ya farasi wasishtuke kwa maumivu, kwa hiyo upasuaji hudai zaidi. Dawa ya kutuliza iliyo bado mwilini, au inayoendelea kuingia polepole kwa dripu, hupunguza gesi inayohitajika. Dawa hiyo nayo ina gharama yake: hupunguza mapigo na kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma. Ndiyo maana lazima awepo mtu asiyeshika kisu, kazi yake ni kukaa kichwani pa farasi, kidole kwenye mshipa wa taya, macho kwenye skrini, dobutamini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, ikiwa tayari. Mimi ningekuwa mwenye farasi, ningeuliza habari za mtu huyo kabla ya kuuliza aina ya gesi.

"Ukichanganya, hataamka." Hatari ipo, nani ataikana? Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2002, wenye visa zaidi ya 41,000, ulikuta vifo vya karibu asilimia 0.9 kwa farasi ambao hawakuletwa kwa tumbo la dharura. Lakini tazama waliuawa na nini: theluthi hivi moyo ulisimama, na karibu idadi sawa na hiyo walivunjika mifupa au kuharibika misuli. Yaani kuamka kwenyewe ni hatari kubwa. Gesi ikitoka haraka, farasi huzinduka akiwa hajielewi, na mnyama aliyeumbwa kukimbia hataki kubaki chini. Macho yanachezacheza, sikio linatikisika, mara anajitupa kusimama kwa miguu isiyo na nguvu. Kwa hiyo daktari humpa makusudi dozi ndogo ya kutuliza mwishoni, kwenye chumba chenye magodoro ukutani, ili alale kidogo zaidi na gesi iishe kwanza. Anayesema "mbona amechelewa kuamka?" huenda anaangalia kazi nzuri.

"Kichwa kikishuka, amelala." Hajalala. Mguse nyuma ghafla uone teke. Saisi, yaani watunza farasi, walio wazoefu hawahitaji kuambiwa hili. Wageni wanaokuja kupiga picha ndio wanaohitaji.

"Poni ni mdogo, kadiria tu." Apimwe uzito, hata kwa utepe wa kifuani. Tena poni na punda wakinyimwa chakula muda mrefu, mafuta yanaweza kujaa kwenye damu na kuwaua, kwa hiyo amri ya "asile kabisa tangu jana" si ya kujitungia nyumbani. Na mwenye ng'ombe upande wa pili wa ua asiombe mabaki ya zailazini: ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi.

"Amesimama, mpe karoti." Bado. Koo lililolegea hukwamisha chakula, na dawa hizi hupunguza mwendo wa matumbo. Subiri azinduke kabisa, daktari aruhusu, ndipo uanze na nyasi kidogo zilizoloweshwa. Saisi aandike saa mavi ya kwanza yalipotoka. Yakichelewa, au farasi akianza kugeukia ubavu wake na kuparapara chini, daktari apigiwe usiku huohuo.