Kabla hujaposti video ya mwanao, mzazi, tuongee kidogo

Habari zenu wazazi wa Mbeya na majirani zetu wa Songwe, Njombe na Iringa. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini hapa Mbeya, watoto ninaowahudumia ni wa mtindio wa ubongo, kichwa kikubwa, mgongo wazi, na wengi wana kifafa juu yake. Siku hizi karibu kila mama anaingia na video kwenye simu na mimi siwakatazi, ila tuelewane video ipi inaenda wapi.

Ya kwanza ni ya daktari tu. Kifafa kinamkamata mtoto huko Uyole saa kumi alfajiri, mkifika kliniki saa nne ametulia anacheka, daktari anauliza ilikuwaje, unasema alitetemeka, basi. Mkiwa wawili, mmoja amlaze mtoto ubavu na asimtie kitu mdomoni, hata kijiko, mwingine arekodi mwili mzima, aonyeshe macho yanaelekea wapi na mkono upi umeanza, ataje saa kwa sauti. Kifafa kikipita dakika 5, simu mfukoni, kimbieni hospitali. Mama mmoja alikuja na kipande kifupi tu, mtoto wa miezi sita anainamisha kichwa ghafla anarusha mikono mbele, anaacha, anarudia, mafungu mafungu kila akiamka, na nyumbani walikuwa wanasema ni chango. Kumbe ni aina ya kifafa cha wachanga ambayo ikicheleweshwa inaurudisha ubongo nyuma. Daktari wa watoto aliiangalia mara mbili, dawa zikaanza siku ileile.

Sasa za mtandaoni. Baba mmoja wa upande wa Mbalizi alirekodi ngazi tatu za darasa. Sura ya mtoto haipo kabisa, unaona magurudumu ya kiti mwendo yanagota ngazi ya kwanza, halafu mikono ya baba inambeba, na sauti yake ya kawaida tu, "kila asubuhi ni hivi, nikisafiri haendi shule." Aliirusha kwenye grupu la wazazi na kwa mwenyekiti wa mtaa, fundi akajitokeza, wengine wakaleta mchanga na saruji, njia ya mteremko ikamwagwa. Hakuomba huruma, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo upande wake.

Zinazoniumiza ni zile mtoto kavuliwa nguo, mate yanatoka, wimbo wa huzuni juu, namba ya simu chini. Najua zinachangisha haraka na mzazi hana ubaya, amekopa mpaka amechoka. Lakini ikishatoka hairudi, mtu wa mbali anaipakua, anafuta namba yako anaweka yake, anachangisha kwa sura ya mwanao. Na hawa watoto wa mtindio wa ubongo wapo wengi akili ziko sawa kabisa, mwili ndio hauwatii, siku moja ataikuta hiyo video na ataielewa. Kabla ya kufika huko pita kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu upo, na kwa sera ya nchi walio chini ya miaka 5 wanatibiwa bure hospitali za serikali.

Hata sisi watumishi haturuhusiwi kumrekodi bila ridhaa yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto na za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Akija mtu na kamera wodini una haki ya kukataa na matibabu yanaendelea kama kawaida.

Na mtoto mwenyewe aulizwe jamani, hata kama anajibu kwa macho. Juzi mama alimwonyesha binti yake wa miaka tisa video aliyotaka kuirusha, binti kaangalia mpaka mwisho, katikisa kichwa, hapana. Wakarudi nyumbani, kavalishwa gauni la kanisani, kasukwa nywele, wakarekodi upya, na hiyo ndiyo iliyoenda.