Mwenzako wa chumbani akisema amechoka kuishi: maswali na majibu

Hili kweli ni tatizo la wanachuo?
Ndiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Huo ndio umri wa chuo. Hapa Tanzania mambo huweza kumwangukia mtu muhula mmoja: boom, yaani pesa ya mkopo wa chuo, limechelewa, kodi ya geto inadaiwa, sapu, mitihani ya kurudia, zimemkalia, na anajua nyumbani waliuza shamba asome. Hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, peke yake mara nyingi si sababu nzima. Nyuma yake huweza kuwapo sonona, msiba, ulevi au penzi lililovunjika.

Nitaonaje?
Wewe unayelala kitanda cha pili utaona kabla ya mhadhiri. Haendi vipindi, haogi, hali, hapokei simu za nyumbani. Anagawa vitu vyake, leo pasi, kesho godoro. Anasema, "Mkiona sipo msinitafute." Usiseme anatafuta kiki. Na akichangamka ghafla baada ya wiki za huzuni, usiache kumfuatilia.

Nikimuuliza, si nitampa wazo?
Hapana. Tafiti zimeonyesha kuwa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hupata nafuu. Muulize mkiwa wawili, kwa neno lenyewe: "Kaka, siku hizi huli, na juzi umegawa vitu vyako. Unawaza kujiua?" Kisha nyamaza, asikie kwamba unasubiri jibu. "Jikaze" na "wewe ni mwanaume" humfunga mdomo. Sala ina nafasi yake, ila asikilizwe kwanza.

Akisema ndiyo?
Usimwache peke yake, hata kwa saa moja. Ondoa chumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mwite wadeni wa hosteli au mshauri wa wanafunzi, mumpeleke zahanati ya chuo au hospitali usiku huohuo, msingoje asubuhi. Huduma ya afya ya akili ipo Muhimbili, Mirembe Dodoma na hospitali nyingine kubwa.

Ameniapisha nisimwambie mtu.
Vunja ahadi hiyo. Akikununia mwezi mzima, atakuwa hai.

Hatashtakiwa?
Kuwaza kujiua na kuomba msaada si kosa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu jaribio la kujiua, na hofu yake huwafanya watu wafiche. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Naamini na chetu kinapaswa kuondoka.

Akirudi kutoka hospitali?
Wiki za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kula naye, mpe notsi, msindikize kliniki. Masomo yakimlemea, aombe kuahirisha kupitia mshauri wa wanafunzi, na aombe kabla ya mitihani kuanza.